RANGI IMEONDOKA MLANGONI, KARO IMEBAKI



Wakati wa ukoloni shule za Kampala zilikuwa za mafungu matatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mtoto hakupimwa kwa akili yake bali kwa ngozi yake. Kodi ililipwa na wote, lakini fungu la mtoto wa Kiafrika lilikuwa dogo kuliko yote.

Juu ya watu wa dini tuseme ukweli wote. Wamisionari ndio waliotujengea shule za kwanza, na tunawashukuru. Lakini Namilyango, iliyofunguliwa 1902, na Budo, 1906, zilianza hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Mtoto wa kibarua hakukusudiwa.

Hata hivyo, katika dini hizo hizo walitoka watu waliofungua milango. Waismailia walikuwa wamejenga shule za Aga Khan kwa watoto wa jumuiya yao. Katika miaka ya uhuru wakazifungua kwa watoto wa rangi zote. Huko Afrika Kusini, kuanzia 1976, maaskofu na masista Wakatoliki walipokea watoto weusi katika shule zao za Wazungu, ingawa sheria ya makaburu ilikataza. Serikali ikatishia kuzifunga. Hawakurudi nyuma.

Hapa kwetu, Sheria ya Elimu ya 1963 iliziweka shule zinazopewa ruzuku chini ya usimamizi wa serikali. Leo hakuna mtoto anayefukuzwa mlangoni kwa sababu ya rangi. Huo ni ushindi.

Lakini tuulizane: mtoto wa mkata miwa wa Kakira au Lugazi, na wa mfanyakazi wa kiwanda hapa Kampala, anakaa darasa moja na mtoto wa meneja? Hakai. Karo ya shule za msingi za serikali ilianza kufutwa 1997, na mpango wa sekondari ukafuata 2007. Sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki juu ya mzazi. Na shule nyingi zenye sifa, zilizoanzishwa na makanisa na misikiti, zinadai karo inayomeza mshahara wetu wote. Mlango ni ule ule. Aliyebadilika ni bawabu. Zamani alitazama ngozi, sasa anatazama mfuko.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wetu wa dini kwa heshima: kazi mliyoianza haijaisha. Mashirika yenu bado yana viti katika kamati za shule mlizoanzisha. Vitumieni. Tengeni nafasi kwa watoto wa wafanyakazi. Tangazeni michango yote mwanzoni mwa mwaka, isiongezwe katikati ya muhula. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa sare.

Hatuombi sadaka. Sadaka ya Jumapili na ya Ijumaa hutoka katika jasho letu, na wengi wa waliofyatua matofali ya shule hizo walikuwa wazee wetu.

Nasi wafanyakazi tusikae kimya. Kila tawi lipeleke wazazi kwenye mikutano ya shule, Mkristo na Mwislamu pamoja, wa kila kabila, na neno moja mdomoni. Shule iliyoacha kubagua rangi ikaanza kubagua umaskini bado inabagua.

Umoja ni nguvu!