Mwamba uhesabiwe, na mvuvi aelezwe hesabu

Sisi Wapwani tulio Nairobi, kuanzia Eastleigh hadi Umoja na Kayole, kila tukipiga simu nyumbani twaambiwa yale yale: samaki wamepungua. Ukiuliza sababu, mvuvi alaumu joto na afisa amlaumu mvuvi. Wa kuamua kati yao ni hesabu.

Mpiga mbizi hulaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, akaandika kilicho chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani au mchanga. Samaki nao huhesabiwa kwa aina, pamoja na wale viumbe wa miiba wanaotuchoma miguu.

Lakini kipimo cha mara moja, mahali pamoja, hakitoshi. Aliyehesabu nyumba za kando ya Jogoo Road peke yake hawezi kudai aijua Kayole. Lazima upime penye uvuvi na pasipo uvuvi, kisha urudi pale pale kila mwaka, kwa njia ile ile.

Faida yake tumeiona. Mtafiti Tim McClanahan na wenzake wanapima miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980. Joto la El Niño lilipokuja 1998, matumbawe yalikufa hata ndani ya hifadhi kama Malindi na Watamu, ambako kuvua ni marufuku. Hapo mvuvi hana hatia. Vipimo hivyo hivyo vilionyesha kuwa kikande wakivuliwa kupita kiasi, viumbe wa miiba huongezeka na kuutafuna mwamba. Hapo mvuvi ana lake la kujibu.

Hesabu kama hii haina upande, ndiyo maana haifai kufungiwa katika ripoti za Kiingereza. Mzee aliyevua miaka 40 akiambiwa "usivue hapa" bila kuonyeshwa tarakimu, ataona amenyang'anywa riziki. Kuruwitu, kule Kilifi, wanakijiji wenyewe waliamua kufunga hekta 30 hivi za bahari yao, na 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Basi kabla ya kufungwa sehemu yoyote, kamati za wavuvi za ufukweni, BMU, zisomewe matokeo kwa Kiswahili. Vijana wao wafunzwe kushika utepe, na walipwe. Mtu huiamini hesabu aliyoshiriki kuihesabu.