Nyumba ya Kipande

Nairobi ilianza kubomoa mapema. Mwaka 1902 mtaa wa maduka ya Wahindi ulitiwa moto kwa amri ya wakuu ili kuzuia tauni, na tangu hapo nyumba za mabati zimewapisha maghorofa. Hatuzililii.

Lakini Nyumba ya Kipande, iliyojengwa mwaka 1913, ingali imesimama. Wako wasemao, ya nini kuhifadhi nyumba ya aibu? Enyi wasomaji, wazee wetu walitiwa alama za vidole humo, wakatoka na kipande shingoni. Ikibomolewa, mjukuu ataonyeshwa nini? Benki iliyoinunua ilifanya vyema: iliitengeneza ikaingia, na watu wakaja kuweka fedha mahali pale pale baba zao walipoandikishwa.