NANI MVIVU?

Ndugu wanachama,

Mara kwa mara husikika maneno kuwa mtu wa pwani ni mvivu, kazi yake kukaa chini ya mwembe. Maneno haya si mapya, na yafaa tujue yalitoka wapi.

Mwaka 1912 Serikali ya Kiingereza ilimpeleka Bwana Arthur Champion kwa Wagiriama, akusanye kodi ya nyumba na kutafuta vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Vijana hawakutaka, basi wakaitwa wavivu. Lakini watu hao walikuwa wakilima mahindi kando ya mto Sabaki na kuyauza Malindi. Mtu alimaye shamba lake, akala na akauza ziada, uvivu wake uko wapi? Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaunganisha kwa kiapo. Akakamatwa, akapelekwa Kisii. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, vita vikapiganwa, na watu wakafukuzwa kutoka kaskazini ya Sabaki.

Basi tusilipokee jina hilo kwa urahisi. Aliyekosa kazi si mvivu. Anayepumzika baada ya zamu yake si mvivu. Anayedai ujira wa haki si mvivu.

Lakini, ndugu, jambo hili lisiwe pazia la kujifichia. Yuko mtu aandikishaye jina asubuhi, kisha akaenda kulala kivulini mpaka saa ya kutoka. Sisi watu wa reli twamjua vizuri. Chuma cha watu wanane kikiinuliwa na watu sita, uzito haupungui. Huongezeka juu ya migongo ya wale sita. Anayeumia si tajiri, ni mwenzake. Tena kesho tukienda kudai nyongeza, tajiri atamnyoshea kidole huyo mmoja na kutuhukumu sote.

Chama kitamtetea mfanyakazi aliyeonewa, hata akiwa peke yake. Lakini kitamteteaje yule aliyewaonea wenzake? Wahenga walisema: ajizi nyumba ya njaa. Wazee wetu walisingiziwa uvivu nao wana majembe mikononi. Sisi tusiufanye uongo ule kuwa kweli. Tufanye kazi ya haki, kisha tudai ujira wa haki, kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.