Rubani Aliyezikwa Bila Sanduku

Jenerali Francis Ogolla aliandikwa jeshini mwaka 1984, akafundishwa Marekani kurusha ndege za kivita. Mwaka 2018 alipewa kuongoza Jeshi la Anga la Kenya, na mwaka 2023 Majeshi yote.

Tarehe 18 Aprili 2024, akitoka kuzuru shule zilizofungwa kwa ajili ya ujambazi, helikopta yake ilianguka Sindar, Marakwet. Watu 10 walikufa. Alikuwa ameagiza azikwe upesi, pasipo sanduku. Siku ya tatu akazikwa Ng'iya, kwao Siaya.

Wasomaji wa Matulo, mwenye nishani na cheo hakutaka makuu kaburini. Nasi twauza ng'ombe wa mwisho ili matanga yapendeze, kisha yatima hukosa karo. Na tuwaagize jamaa zetu tungali hai.