Unywele wa Kisogoni

Mtoto wa Kiislamu wa Likoni, Mombasa, akitimiza siku saba hunyolewa, nywele zikapimwa kwa uzito wa fedha, sadaka ikatolewa, kisha zikahifadhiwa zisije zikaokotwa na mtu. Wazee waliotuachia desturi hii hawakuwa na maabara, lakini kwao unywele haukuwa takataka. Ni sehemu ya mtu, na ukiangukia mikono mibaya humdhuru mwenyewe. Naanza hapo kwa sababu toleo hili la jarida letu limebeba mjadala wa kupima zinki kwa nywele za watoto wadogo. Mtafiti atakayebisha hodi Kisauni au Changamwe na mkasi mkononi bila kulijua hilo atafungiwa mlango, na mama aliyeufunga atakuwa na haki.

Zinki huhitajiwa na mwili kidogo tu, lakini kila siku, kwa kuwa mwili hauna ghala la kuiweka. Ikipungua, mtoto hudumaa, huikataa sahani, huharisha mara kwa mara. Utafiti wa kitaifa wa virutubisho wa mwaka 2011 ulikuta upungufu huo kwa takriban asilimia 83 ya watoto wa Kenya wasiofikia umri wa shule. Anayejua vyungu vyetu hatashangaa: uji wa mahindi asubuhi, sima mchana, sima usiku. Mahindi yana zinki, ila yana pia faitati, ambayo huikamata ikiwa tumboni isipenye mwilini. Nyama, dagaa na chaza hutoa zinki inayopenya kwa urahisi zaidi, na nyama si ya kila siku.

Hesabu ya 2011 ilitoka kwenye damu, na damu ina taabu zake. Mtoto akiwa na homa, zinki ya damuni hushuka hata kama analishwa vizuri. Asubuhi inasoma hivi, jioni vingine. Chupa isiyo safi huiharibu sampuli. Kisha iko barafu ya kuihifadhi, na iko foleni ya feri ya Likoni. Unywele hautaki hayo yote. Hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo sentimita 2 zilizokatwa kisogoni, karibu kabisa na ngozi, hubeba habari za miezi miwili iliyopita, na homa ya jana haizigusi. Unatiwa kwenye bahasha, unavuka mfukoni.

Wala si ndoto. Mwaka 1972, mtafiti Michael Hambidge na wenzake walipima nywele za watoto wa Denver, Marekani, waliokuwa wakionekana wazima. Wakapata kumi wenye zinki chini ya mikrogramu 70 kwa gramu ya unywele. Wengi wao walikuwa wafupi na wenye hamu ndogo ya chakula, na ulimi wao haukutambua ladha sawasawa mpaka walipopewa zinki. Hawakuwa watoto wa nyumba za njaa. Kabla ya hapo, upungufu wa zinki ulijulikana zaidi kwa kazi ya mtafiti Ananda Prasad miongoni mwa vijana waliodumaa wa Iran na Misri.

Lakini upo mtego, nao hunasa hasa kwa mtoto tunayemhofia zaidi. Mtoto aliyedhoofika sana, nywele zake huacha kukua. Ile zinki kidogo aliyonayo huingia kwenye unywele mchache, na mashine ikasoma kiwango cha kawaida, pengine cha juu. Aanze kulishwa vizuri, nywele zichipuke kwa kasi, kiwango hushuka. Aliye hatarini anaonekana salama, na anayepona anaonekana anazidi kuharibikiwa. Kwa mtoto mchanga ni zaidi: nywele alizozaliwa nazo zinasimulia tumbo la mamake, hazisemi chochote kuhusu uji wake. Ongeza shampuu za mba, ambazo baadhi zina zinki, na maji ya mvua yaliyotiririka juu ya mabati yetu, ambayo yamepakwa zinki hiyo hiyo.

Kwa hiyo mama asiuziwe kipimo cha nywele akiambiwa kitamwonyesha kama mwanawe ana upungufu. Hakiwezi kazi hiyo. Kinachoweza ni kulinganisha kundi na kundi, kijiji na kijiji, kikiwa pamoja na urefu wa watoto, chakula chao, na damu ya baadhi yao. Sisi wa bara ya Mombasa tunajua thamani ya kipimo kinachosimama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mikindani, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, walikwenda mahakamani na vipimo vya damu, na Julai 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Bahasha za nywele peke yake zisingestahimili maswali ya wakili.

Na anayeharisha leo asisubiri mkasi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walielekeza zinki pamoja na ORS, yale maji ya chumvi na sukari, kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Mama wengi huviacha vidonge tumbo likishatulia, au mtoto akitapika. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na India kwa watoto 4,500, ukachapishwa 2020, ulionyesha kwamba miligramu 10 au hata 5 hazikuwa dhaifu kuliko 20, na matapishi yalipungua.

Jarida hili litapokea tafiti za nywele kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe kwa masharti. Mtafiti aandike kando ya kila kiwango urefu wa mtoto, umri wake, shampuu na mafuta anayopakwa, na maji anayoogeshwa. Aeleze alivyoomba ruhusa, na kwa lugha gani. Na nywele zitakazosalia maabara, mama akizitaka, arudishiwe.