Si Mwatate, ni Nairobi

Shule za umma za msingi na sekondari za Mboghoni, kama kwingineko Taita Taveta, haziendeshwi na serikali ya kaunti iliyo na makao yake Mwatate. Makala yanayomtupia gavana lawama za upungufu wa walimu wa msingi yanagonga mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini; shule za msingi na sekondari zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Walimu huajiriwa, hupangiwa vituo na huadhibiwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwa mujibu wa kifungu cha 237 cha Katiba hiyo.

Hoja kwamba Bodi ya Elimu ya Kaunti ni chombo cha gavana nayo haisimami. Jina limewapotosha wengi, na si ajabu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaitaka bodi hiyo iratibu elimu kwa niaba ya serikali zote mbili, na ndiyo inayoteua bodi za usimamizi za shule. Kuajiri mwalimu hata mmoja haiwezi. Mzazi wa Mboghoni mwenye malalamiko ya walimu ayapeleke kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti.