Simu Yako Iache Mfukoni

Tangu tuligusie suala la pikipiki kwenye kipindi, swali linalorudi ni lilelile: ninunue kifaa gani cha kunionyesha njia, au simu inatosha? Simu inatosha kabisa, mpaka siku utakapoihitaji kwa kazi ya simu. Mimi niko upande ule unaosema njia ionyeshwe na kitu kingine, simu ikae mfukoni. Najua ni pesa. Nisikilizeni kwanza.

Naishi Manchester. Binamu yangu yuko Sheffield, na katikati kuna Snake Pass, ile A57 inayopanda milima ya Peak District kona kwa kona. Ukiwa na pikipiki huiachi hiyo njia, hata uambiwe nini. Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, nilitoka kwake jioni. Simu nimeibana kwenye usukani kama kawaida yangu, waya wa chaji umechomekwa, mambo safi.

Mvua ikaanza. Kwanza skrini ikawa inajibonyeza yenyewe, maana skrini ya simu inahisi umeme wa kidole na matone ya maji yanaichanganya. Ramani ikakuzwa, ikapunguzwa, ikanipeleka baharini sijui wapi. Mimi nina glovu nene, nikiigusa haisikii. Halafu ikatoa onyo kwamba kuna unyevu kwenye tundu la chaji, ikakataa kuchaji. Baridi ikaimalizia betri iliyobaki.

Bado sikuwa na wasiwasi. Barabara ni moja tu, utapoteaje? Ndo tairi la nyuma likapata pancha.

Sa fikiria. Giza, mvua, hakuna nyumba karibu, na kitu changu pekee cha kuombea msaada kimekufa kwa kunionyesha njia ambayo naijua! Nilisimama pale zaidi ya saa nzima mpaka mzee mmoja mwenye gari la mizigo akanionea huruma. Nilipofika nyumbani usiku nilimkuta Mama amekaa kwenye ngazi, koti mwilini, viatu miguuni, kama mtu anayetaka kutoka lakini hajui aende wapi. Alikuwa amenipigia mara 23. Nilingoja matusi, hayakuja. Alisema tu, "Mwanangu, pikipiki sikukukataza. Lakini simu ikifa njiani, utanipigia na nini?"

Kwa Mama pikipiki si starehe ya wikendi. Yeye ni wa Mombasa, na mtaani kwao kila nyumba ina hadithi ya mtu aliyevunjika mguu kwenye bodaboda. Mi nilizoea kumwona ana woga tu. Ila swali lake sikuwa na jibu lake.

Tuweke sawa jambo moja linalowachanganya wengi: GPS si intaneti. Setilaiti zake ziko juu kama kilomita 20,200. Zenyewe zinatuma tu, hazipokei chochote kutoka kwako. Kifaa chako kikizisikia angalau nne, kinapiga hesabu kijue kiko wapi. Haihitaji laini wala bando. Kinachohitaji mtandao ni ramani, kama hukuipakua kabla. Ndiyo maana ukifika mlimani mtandao ukakatika, unaona kidoti chako cha buluu kimesimama kwenye karatasi tupu. Simu inajua ulipo, haijui pakoje.

Kifaa kilichotengenezwa kwa pikipiki, kama Garmin zūmo XT, kinabeba ramani ndani yake, kinakula umeme wa betri ya pikipiki moja kwa moja, na skrini yake inakubali glovu. Kina kiwango cha IPX7, maana yake kinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Mvua ya Manchester itakiweza wapi! Shida ni bei. Kipya kinaweza kuvuka pauni 400, na kwa pesa hiyo wengine tumenunua pikipiki nzima.

Kuna pia Beeline Moto, kale kaduara kanakokuonyesha mshale tu. Nakapenda kwa sababu hakakupi kitu cha kukodolea macho. Lakini kanategemea simu iliyo mfukoni, kwa hiyo betri inaliwa vilevile. Kwa safari fupi sawa, kwa Snake Pass usiku, mi hapana.

Sasa, wewe unayepeleka chakula mjini na skuta ya 125, kibandiko cha L nyuma, siwezi kukwambia utoe pauni 400. Kazi yenyewe inaingilia kwenye simu, huna namna. Fanya hivi: toa ile simu ya zamani iliyo kwenye droo. Haihitaji hata laini. Weka Organic Maps au OsmAnd, pakua ramani ya eneo lako ukiwa na Wi-Fi ya nyumbani, ibane hiyo kwenye usukani. Ikilowa, ikidondoka, ikifa, hujapoteza njia ya kupiga kwenu. Kwangu mimi hili ndilo la maana kuliko jina la kampuni.

Na kama simu yako ni iPhone, kuna sababu nyingine. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera, na wakashauri simu isifungwe moja kwa moja kwenye chombo. Mtu analipa simu kwa miezi 36 halafu anaifunga juu ya injini. Haya.

Sheria nayo muijue. Hapa Uingereza, tangu Machi 2022, ukiishika simu mkononi wakati unaendesha, hata umesimama kwenye taa nyekundu, ni faini ya pauni 200 na pointi 6. Kama leseni yako haijatimiza miaka miwili, pointi 6 zinatosha kuifuta. Simu iliyobanwa vizuri inaruhusiwa, lakini ikianza vituko vya mvua kama yangu, mkono unaenda wenyewe.

Hiyo simu ya mfukoni, iweke mfuko wa ndani wa koti wenye zipu. Usiiweke kwenye begi la pikipiki, maana ukianguka pikipiki huteleza huku na wewe huko. Na leo hii, kabla hujasahau, tuma neno "register" kwa 999 na ufuate majibu. Ukishajiandikisha unaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi, ambao mara nyingine hupenya pale sauti inaposhindwa.

Mimi mwishowe nilipata zūmo ya mkono wa pili kwa bwana mmoja wa Stockport. Niliona nimepata bei ya kutupa, kumbe kishikio chake kimebaki kwenye pikipiki aliyoiuza, na kishikio ndicho chenye waya wa umeme. Kukinunua peke yake kulinitoa jasho. Kwa hiyo ukienda kununua, kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji akuonyeshe kishikio.